Herufi moja kwenye lebo: RAM ya GB 8 ambayo laptopu yangu haikuiona

Nina vipande viwili vya RAM, yaani kumbukumbu ya kazi ya kompyuta, vya kusimulia hapa, vyote vya muuzaji mmoja, vyote vya GB 8. Cha kwanza laptopu yangu haikukiona kabisa. Cha pili kimo ndani yake sasa hivi, wiki ya sita, na ndicho kinachobeba kazi yangu ya kila siku. Hicho cha pili nakipa nyota tano. Tangazo lililoniuzia cha kwanza nalipa nyota mbili. Wahudumu wao nawapa nne, na nitaeleza ile moja iliyopungua ilipotelea wapi.

Mimi ni mfasiri. Hushughulika zaidi na hati za kisheria na vitabu vya mafunzo ya afya, na programu ninayotumia hufungua mambo mengi kwa pamoja: matini ya asili, tafsiri, hifadhi ya tafsiri zangu za miaka ya nyuma, na faharasa ya istilahi. Pembeni huwa kuna kivinjari chenye kamusi, na mara nyingi hati iliyoskaniwa ya kurasa mia tatu au zaidi. Kwa GB 4 za RAM zilizokuja na laptopu, kazi hiyo ilikuwa imegeuka mateso. Nilikuwa nikienda sentensi inayofuata, taa ya diski inawaka na kubaki imewaka, nami nashika tama nikisubiri. RAM ikijaa, kompyuta huanza kuhamishia data kwenye diski, na diski yangu ni ile ya kuzunguka, siyo SSD, ile ya chipu iliyo na kasi zaidi. Zipo sentensi zilizonichukua nusu dakika kuzifungua. Anayelipwa kwa idadi ya maneno anajua nusu dakika kama hizo zinakula nini.

Laptopu yenyewe ina prosesa ya Intel ya kizazi cha 4 na sloti mbili za RAM, moja ikiwa tupu tangu ilipotoka kiwandani. Mwongozo wa mtengenezaji unasema inapokea hadi GB 16, yaani GB 8 kwa kila sloti. Nikapiga hesabu: kile cha GB 4 nikiache, niongeze cha GB 8, nipate GB 12. Tangazo nililolikuta lilisema, neno kwa neno: "RAM ya laptopu GB 8 DDR3 1600, inafaa laptopu zote za DDR3." DDR3 ni jina la kizazi cha RAM, na 1600 ni kasi yake. Nikaagiza.

Kipande kilifika ndani ya mfuko wa kukinga umeme tuli, kimekandamizwa vizuri ndani ya sanduku gumu, hakina mkwaruzo. Kwa ufungaji sina lawama. Nikazima laptopu kabisa, nikachomoa chaja na betri, nikakibonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde ishirini ili umeme uliosalia ndani uishe, nikagusa chuma kabla ya kugusa RAM, kisha nikafungua kifuniko cha chini. Kipande nikakiingiza kwa mshazari, kisha nikakilaza hadi vibanio vya pembeni vikalia. Nikafunga, nikawasha. Laptopu ikawaka kama kawaida, nami nikafungua Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha RAM, kwa furaha. Imeandika GB 4.0. Chini yake: sloti zilizotumika, 1 kati ya 2.

Mstari huo wa sloti usiupite haraka. Ukiona Windows inasema sloti 2 kati ya 2 zimetumika lakini RAM inayotumika ni ndogo kuliko uliyoweka, mara nyingi tatizo liko kwenye programu. Huenda umesakinisha Windows ya biti 32, ambayo kwa matoleo ya kompyuta za kawaida haivuki GB 4 hata ukiweka RAM ya namna gani. Au kuna mtu aliwahi kuingia kwenye msconfig, mipangilio ya kuwaka kwa Windows, akaweka alama kwenye kisanduku cha kikomo cha juu cha RAM na kusahau kuiondoa. Hayo huhitaji dakika tano. Lakini sloti ikionekana tupu huku umeijaza kwa mikono yako mwenyewe, Windows iache. Haina usemi hapo. Nenda kwenye BIOS, programu ya msingi inayoiamsha kompyuta kabla ya Windows. Nilipoingia kwenye BIOS yangu nikakuta 4096 MB. Maana yake kompyuta ilikuwa imeshakikataa kipande hicho kabla hata Windows haijaamka.

Nilianza na lililo rahisi kuliko yote: huenda sikukiingiza vizuri. Nikakitoa, nikasugua taratibu meno yake ya dhahabu kwa raba safi ya penseli, nikapangusa vumbi la raba, nikakirudisha. GB 4. Kisha nikakiondoa kile cha zamani na kukiacha kipya peke yake. Hapo ndipo moyo ulipodunda: taa zikawaka, feni ikazunguka, kioo kikabaki cheusi. Nikasubiri dakika nzima kwa saa. Cheusi. Nikakihamishia sloti ya pili, peke yake tena. Cheusi vilevile.

Nikakichukua cha zamani, cha GB 4, nikakiweka peke yake sloti ya kwanza: laptopu ikawaka. Nikakiweka peke yake sloti ya pili: ikawaka. Naomba kila anayesoma haya afanye jaribio hili kabla ya kumlaumu mtu yeyote, kwa sababu ni la bure na linakata mzizi wa ubishi. Nilipomaliza nilijua mambo mawili kwa hakika. Sloti zangu zote mbili ni nzima, na kipande kipya hakisomwi kwenye laptopu hii, popote utakapokiweka.

Nikasasisha na BIOS pia, betri ikiwa imejaa na chaja ikiwa imechomekwa, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya usasishaji unaweza kupoteza kompyuta nzima. Haikubadilisha kitu.

Kufikia hapo nilikuwa tayari kuandika kwamba nimeuziwa kitu kibovu. Nashukuru sikuandika. Mwenzangu tunayegawana naye kazi za tafsiri ana laptopu ya zamani kuliko yangu, yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha 2, nayo pia hutumia DDR3. Nikamwomba tujaribu kipande changu kwake. Alisita, na nilimwelewa, maana ndani yake kulikuwa na tafsiri ambayo ilikuwa haijakabidhiwa. Tukanakili kwanza kazi zake zote kwenye diski ya nje, ndipo tukafungua. Laptopu ikawaka mara moja na kuonyesha GB 8. Tukaiwasha kwa flashi yenye MemTest86, programu ya kupima RAM inayofanya kazi bila kupitia Windows, tukaiacha ipime usiku kucha. Asubuhi tukakuta mizunguko yote minne ya toleo la bure imekamilika, makosa sifuri. Kasi ilisoma 1333 badala ya 1600, na hilo ni sawa kabisa, kwa kuwa prosesa yake ndipo inapoishia.

Kipande kizima, sloti nzima, na bado vimekataana. Ndipo nilipokaa chini, nikaviweka vipande viwili ubavu kwa ubavu chini ya taa ya mezani na kusoma lebo zake kama ninavyosoma mkataba. Cha zamani: 4GB 1Rx8 PC3L-12800S. Kipya: 8GB 2Rx8 PC3-12800S.

Nimezifanyia kazi herufi maisha yangu yote ya utu uzima, na herufi iliyokuwa ikinizuia kufanya kazi ilikuwa ni hiyo L.

Nazieleza hizo alama, maana kwenye tangazo hazikuwapo na kwenye lebo hazina maelezo. Hiyo 12800 ni megabaiti kwa sekunde: uhamishaji milioni 1600 kila sekunde, kila mmoja baiti 8. Kwa hiyo "1600" ya kwenye tangazo na "12800" ya kwenye lebo ni kasi ileile iliyoandikwa kwa njia mbili. S ya mwishoni ni umbo dogo la laptopu, tofauti na vipande virefu vya kompyuta za mezani. 2Rx8 inakueleza jinsi chipu zilivyopangwa: safu mbili, kila chipu ikitoa biti 8 kwa wakati, ndiyo maana ukizihesabu pande zote mbili unapata chipu 16. Na L ni volti. DDR3 ya kawaida, ambayo kiwango chake kilitolewa na JEDEC, shirika la viwango vya chipu, mwaka 2007, hutumia volti 1.5. DDR3L, iliyofuata mwaka 2010, hutumia volti 1.35. Tofauti ya volti 0.15 mtu anaweza kuipuuza, lakini prosesa yangu, kwa mujibu wa maelezo ya Intel wenyewe, imeandikiwa DDR3L tu.

Kinachoudhi zaidi ni kwamba kwa macho na kwa vidole huwezi kuvitofautisha. Vyote viwili vina pini 204, na lile pengo la kuongoza kipande kiingie liko mahali pamoja. Ningeagiza DDR4 kwa makosa, yenye pini 260, isingeingia na ningejua papo hapo. DDR2 nayo ina pini 200 na pengo lake limekaa kwingine. Lakini DDR3 huingia kwenye sloti ya DDR3L bila kipingamizi, vibanio vinalia vizuri, kila kitu kinakuambia umefaulu.

Ubavuni mwa kila kipande cha RAM kuna chipu ndogo iitwayo SPD. Haihifadhi kazi yako. Inahifadhi wasifu wa kipande chenyewe, yaani ukubwa, kasi, muda wa kusubiri na volti zinazokifaa. Kompyuta ikiwashwa, BIOS huisoma chipu hiyo kwanza na kuamua namna ya kukiendesha kipande. Ikikuta volti ambayo ubao mkuu hauwezi kuitoa, au jaribio la kukiendesha likishindikana, zipo kompyuta zinazokiacha na kuendelea na kilichobaki, kama yangu ilivyofanya nilipoweka vyote viwili. Kikiwa peke yake hakuna cha kuendelea nacho, kioo kinabaki cheusi. Dalili zangu zote zikaingia mahali pake.

Kinyume chake hakina shida. Kipande cha PC3L kimetengenezwa kiweze kukubali volti 1.35 na 1.5 vilevile, kwa hiyo kingefanya kazi kwangu na kwa mwenzangu. Ndiyo sababu naikataa ile kauli ya "inafaa laptopu zote za DDR3". Kauli hiyo ingekuwa karibu na ukweli kwa kipande chenye L. Waliiweka juu ya kisicho nayo.

Nikawaandikia. Jibu la kwanza lilikuja upesi: "Pole sana dada. RAM zetu zote hupimwa kabla ya kutumwa. Huenda sloti ya laptopu yako imekufa, tunakushauri umwone fundi." Hapo ndipo nyota moja ilipopotea. Mteja ambaye hakufanya majaribio angelipeleka laptopu yake nzima kwa fundi, akalipia uchunguzi wa sloti isiyo na ugonjwa. Nikajibu kwa upole, kwa sababu anayejibu jumbe siye aliyeandika tangazo: "Habari za kazi, ndugu. Sloti zote mbili nimezipima kwa RAM ya zamani na zinafanya kazi. RAM yenu pia ni nzima, nimeipima kwenye laptopu nyingine. Tatizo ni volti. Nawatumia picha za lebo zote mbili, naomba muangalie herufi baada ya PC3."

Jibu lililofuata lilitoka kwa mtu mwingine, na huyo alikuwa mtu wa kazi. "Asante dada kwa picha, zimenirahisishia. Ni kweli, laptopu yako inataka yenye L. Turudishie hiyo, nasi leo hii tunakutumia PC3L ya GB 8." Hakuniuliza kama nimefungua mfuko, hakunizungusha, hakunitaka niongeze chochote. Akanikumbusha nitumie mfuko uleule wa kukinga umeme tuli kurudishia. Kipande cha pili kilinifikia kabla kile cha kwanza hakijawafikia wao. Huduma hiyo naisifu kwa moyo wote.

Kipande cha pili nilikisoma lebo kabla ya kukitoa mfukoni: 8GB 2Rx8 PC3L-12800S. Nikakiweka, nikawasha, na BIOS ikaandika 4096 MB. Nilibaki nimekodoa macho. Nikazima, nikachomoa kila kitu tena, nikainamisha laptopu kwenye mwanga na kuangalia sloti kwa ubavu. Upande mmoja wa kipande meno ya dhahabu yalikuwa yamejitokeza zaidi ya upande wa pili, karibu milimita moja. Kibanio kimoja kilikuwa kimelia, kingine kilikuwa kimelala tu bila kushika. Nikakitoa, nikakiingiza upya kwa mshazari wa kama nyuzi 30, safari hii nikasukuma kwa vidole gumba viwili hadi dhahabu ikapotea karibu yote, ndipo nikakilaza. Vibanio vikalia vyote viwili, kimoja baada ya kingine.

12288 MB.

Kwenye Windows inasoma GB 12.0, zinazotumika 11.9. Usishtuke na hiyo sehemu ndogo inayokosekana. Kadi ya picha iliyo ndani ya prosesa haina RAM yake yenyewe, hivyo hujitengea kidogo humo. Nikapima kwa MemTest86 usiku mzima, mizunguko minne, makosa sifuri. Kuna watu waliniambia kuchanganya GB 4 na GB 8 kutaharibu kasi. Kwa prosesa za Intel kama hii, GB 4 za kipande kimoja na GB 4 za kingine huendeshwa kwa njia mbili sambamba, na zile GB 4 zinazobaki huendeshwa kwa njia moja. Katika kazi ya maandishi sijawahi kuhisi tofauti hiyo hata mara moja.

Ninachokihisi ni kwamba taa ya diski imetulia. Nikiwa nimefungua kila kitu, pamoja na ile hati ya kurasa mia tatu, matumizi yanafika GB 7 na kidogo, na hakuna kinachosukumwa kwenda kwenye diski. Sentensi inayofuata inafunguka kidole kikiwa bado kwenye kitufe. Wiki iliyopita nilikabidhi kitabu cha mafunzo ya wakunga siku mbili kabla ya muda, na siku hizo mbili nilizitumia kusoma upya sura ya kutokwa na damu baada ya kujifungua, neno kwa neno, nikasahihisha vipimo viwili vya dawa nilivyokuwa nimevinakili vibaya. Kwa hali ya zamani nisingepata nafasi ya kuirudia sura hiyo.

Wenye laptopu za kizazi cha 4 kama mimi wanaofikiria kuweka kipande kimoja cha GB 16 cha DDR3L, wajizuie. Vipande hivyo vimejengwa kwa chipu za gigabiti 8, na kidhibiti cha RAM cha kizazi hiki hakizielewi hata kama volti ni sahihi na L ipo. Utakutana na kioo kilekile cheusi. GB 8 kwa kila sloti ndio mwisho wake.

Kwa muuzaji nina ombi moja tu, na halihitaji gharama yoyote. Kwenye kichwa cha tangazo andikeni msimbo wote kama ulivyo kwenye lebo, PC3-12800S au PC3L-12800S, na chini yake mstari mmoja wa volti. Picha zenu tayari zinaionyesha lebo. Nilirudi kuikuza ile ya kwanza, na PC3 bila L inasomeka vizuri kabisa. Ilikuwapo pale siku ninanunua. Lakini mnunuzi husoma kwanza maneno mliyoyaandika kwa herufi kubwa, na maneno hayo yalisema zote.

Nilimwomba yule mhudumu wa pili alifikishe hilo kwa wanaohusika, akaahidi kulifikisha. Leo asubuhi nimelitazama tangazo tena: kichwa ni kilekile. Chini yake kuna mnunuzi ameuliza kama RAM hiyo itafaa laptopu yake ya kizazi cha 4, na alikuwa hajajibiwa. Nimemjibu mimi: afungue kifuniko, asome lebo ya RAM aliyonayo, aangalie kama kuna L baada ya PC3.